Fuata maji kwanza, rangi za uwanja wa watoto zitakuja baadaye

Vikao vingi vya kupanga sehemu ya watoto kuchezea maji huwa vinaanza na picha. Mtu anatoa simu, anaonyesha uyoga mkubwa unaomwaga maji pembeni, ndoo nyekundu inayojaa afu inajipindua juu ya vichwa vya watoto, mnyama wa bati anayetema maji, na hapo kila mtu anachangamka na kuanza kuchagua chake, bluu hapa, njano pale, saa nzima inaweza kuisha na hamna aliyeuliza maji yenyewe yatatoka wapi, yatalala wapi usiku, na yakishamgusa mtoto yanaenda wapi. Siwalaumu hata kidogo, furaha ya mtoto anayelowa siku ya joto ndo iliyonivuta hata mimi kwenye mambo haya. Ila kwa kweli wadau, picha iwe kitu cha mwisho.

Ninachowaambia watu ni hiki: chukua tone moja la maji kichwani mwako na ulifuate tangu linapoingia uwanjani mpaka linapotoka. Linapita bomba gani, linakaa tanki gani, linachujwa na nini, linamgusa nani, linatuama wapi, linaishia wapi, na nani analiangalia kila asubuhi. Ukimaliza hiyo safari utakuwa umekutana na karibu kila hatari na karibu kila gharama ya huo uwanja, na michoro yenyewe itakuwa imeshaanza kujichora.

Tuanze na kina. Sehemu nyingi siku hizi wanajenga uwanja usio na kina kabisa, yaani maji yanaruka kutoka chini au juu, yanamlowesha mtoto, afu yanatiririka na kupotea kwenye matundu ya sakafuni, hamna dimbwi. Hili ni jambo zuri sana na sababu yake ni nzito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto mdogo hahitaji bwawa ili azame, kichwa chake kizito na mikono haina nguvu, akianguka kifudifudi kwenye maji ya sentimita chache anaweza asiinuke, na anazama kimya, hapigi kelele wala kupunga mikono kama watu wanavyofikiria, mtu amekaa mita tano hapo na hana habari. Kwa hiyo kama bajeti na nafasi vinaruhusu kitu kimoja tu na watoto wenu wengi ni wadogo, mimi nasema bila kuzunguka, msichimbe bwawa. Bwawa linataka waokoaji waliofunzwa muda wote likiwa wazi, linataka uzio na lango linalojifunga lenyewe, linataka kulindwa hata likiwa limefungwa, na jamii nyingi zina nguvu ya kuchimba ila hazina nguvu ya kulinda.

Sasa hapo ndo watu wanapolegea. Wakishaona hamna bwawa wanasema basi tumemaliza, wazazi wanakaa mbali na simu zao, wajenzi nao wanayachukulia yale maji kama ya kumwagilia bustani tu. Kumbe angalia mtoto anavyocheza pale: anasimama juu ya tundu linalorusha maji na kufungua mdomo, anakalia tundu na nepi yake, anainamisha uso maji yanampanda puani, anakimbia na kurudi, na wenzake wote wanafanya hivyohivyo kwenye maji yaleyale. Kwa kweli ni maji ya kunywa hayo, hata kama hakuna aliyepanga yanywewe.

Na hapa inategemea mmechagua mfumo gani. Kuna uwanja unaotumia maji safi ya bomba mara moja, yanamlowesha mtoto na yanaenda zake. Kuna ule unaoyazungusha, maji yanaingia matunduni, yanashuka kwenye tanki la chini ya ardhi, yanachujwa na kutiwa dawa, afu yanarudi kuruka tena. Na kuna ule ambao mtoto mwenyewe anapampu kwa mkono. Wengi wakisikia habari ya kutunza mazingira wanakimbilia ule wa kuzungusha kwa sababu hautumii maji mengi, na kwenye karatasi ni kweli, lakini ndio mfumo unaotaka utaalamu kuliko yote na ndio umewahi kuwaumiza watu wengi.

Kuna kimelea kinaitwa Cryptosporidium, kinaharisha vibaya, na ubaya wake ni kwamba klorini, ile dawa ya kuua vijidudu majini, haikiwezi. Kwenye maji yenye klorini ya kiwango sahihi kabisa kinaweza kuishi zaidi ya siku 7. Ni kidogo mno, kama mikroni 4 hadi 6 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), filta nyingi za mchanga kinapita tu. Mtoto mmoja aliyeharisha juzi akikalia tundu, basi maji yanakibeba, yanakipeleka kwenye tanki, pampu inakirudisha juu, na kila anayefungua mdomo anapata fungu lake. Mwaka 2005 kwenye uwanja wa maji wa Seneca Lake, jimbo la New York, Marekani, waliumwa zaidi ya watu 2,000, na kimelea chenyewe kilikutwa kwenye matanki yaliyohifadhi maji ya kuzungushwa. Baada ya hapo jimbo likaweka sheria kwamba viwanja vya namna hiyo lazima maji yapite kwenye taa ya miale ya urujuanimno (UV) kabla hayajarudi kwa watoto, maana ile miale inakimaliza kile ambacho klorini imeshindwa. Kwa hiyo mtu akikuletea mfumo wa kuzungusha maji bila hiyo taa akakwambia klorini inatosha, mshukuru na umwombe arudi na mchoro mwingine.

Afu kuna karibu na Wichita, Kansas, Juni 2021, uwanja wa maji ndani ya hifadhi ya wanyama, watu wakaharisha na kutapika. Uchunguzi ulikuta bakteria wa Shigella na kirusi cha norovirus. Kilichonigusa kwenye habari ile ni kitu kidogo sana: usiku maji yalikuwa yanatuama kwenye tanki, hayazungushwi, hayachujwi, hayapati dawa, na hakukuwa na kifaa cha kupima na kurekebisha klorini chenyewe muda wote. Mwaka huohuo huko Arlington, Texas, mtoto mdogo alifariki kwa ameba inayoitwa Naegleria fowleri, hii haiingii kwa kumeza, inaingia kwa puani na kupanda kwenye ubongo, na ikishafika huko ni wachache mno wanaopona. Ukaguzi ulionyesha vipimo vya maji vya kila siku kabla ya kufungua vilikuwa havifanywi au haviandikwi kwa mfululizo. Na hii ameba, tofauti na Cryptosporidium, klorini inaiua. Yaani dawa ipo, kipimo kipo, kilichokosekana ni mtu wa kupima kila siku na kuandika.

Naomba hiyo ikae vizuri kichwani kwa yeyote anayepanga mradi kama huu. Sehemu zote tatu hizi zipo kwenye nchi yenye sheria, maabara na pesa.

Kwa hiyo kama mmeamua kuzungusha, fanyeni kwa ukamilifu. Tanki liwe kubwa, tanki dogo linachafuka haraka kwa sababu watoto ni wengi na maji ni kidogo. Pampu ya kuchuja izunguke saa 24, hata uwanja ukiwa umefungwa. Klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, isishuke chini ya miligramu 1 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ikae kati ya 7.2 na 7.8, maana pH ikipanda klorini inakuwepo kwenye maji lakini kazi haifanyi, mtu anapima anaona namba nzuri na vijidudu vinaendelea na maisha yao. Jua linaila klorini, na maji yakirushwa hewani kwa matone madogomadogo klorini inapotea haraka zaidi, ndo maana kiwango cha asubuhi hakikuambii chochote kuhusu saa nane mchana. Pimeni mara kadhaa kwa siku. Na maji yakinyunyizwa kama ukungu kumbukeni pia bakteria wa Legionella, hawa wanapenda maji ya uvuguvugu yaliyotuama, kama nyuzi 25 hadi 45 hivi, na mtu anawavuta kwa pumzi. Bomba lililoachwa wiki nzima bila kutumika lioshwe kwanza kabla watoto hawajafunguliwa.

Kama hamna uwezo wa hayo yote kila siku, na namaanisha kila siku, mfumo wa kuzungusha si wa kwenu kwa sasa. Hakuna aibu.

Maji ya mara moja ni salama zaidi kiafya ila yana ishu yake, yanakula maji. Piga hesabu rahisi, vinyunyizio 10, kila kimoja lita 20 kwa dakika, hiyo ni lita 200 kwa dakika, lita 12,000 kwa saa, ukifungua kwa muda wa saa 6 ni lita 72,000 kwa siku moja. Hapo ukiwa na majirani wanaosubiri maji ya mgao huo uwanja ni tusi, na watakuwa na haki ya kuukasirikia. Lakini ukikaa na ile hesabu utaona maji mengi yanaruka hamna mtoto pale. Weka kitufe ambacho mtoto anakibonyeza, maji yanatoka dakika mbili tatu na kuzima yenyewe, na vinyunyizio visifunguke vyote kwa pamoja, viwe vya kupokezana, huyu akizima yule anaanza, na watoto wanapenda zaidi hivyo kwa sababu wanakimbizana nayo. Ukiwa umepunguza muda wa kutiririka mpaka theluthi, zile 72,000 zinakuwa 24,000. Tumia matundu membamba yanayotoa maji kidogo kwa kasi ya wastani badala ya mdomo mpana (ila isiwe kasi ya kumuumiza mtoto jicho, hiyo jaribu mwenyewe kwa uso wako kabla hujamwekea mtoto wa mtu). Na yale yanayotoka yasiende mtaroni, yapelekwe chini ya ardhi kwenye mizizi ya miti ya kivuli, kwa bomba lenye vitundu. Sio kwenye mboga za kuliwa mbichi, yamepita miilini mwa watoto hayo.

Ila mimi nikiulizwa napenda nini, napenda ule wa pampu ya mkono. Wajerumani wanavyo vingi kwenye viwanja vyao vya watoto: pampu moja ya chuma, mfereji wa mawe, milango midogo ya mbao ya kuzuia na kuachia maji, mchanga, matope, basi. Mtoto akiacha kupampu maji yanakata. Hamna tanki la kuzungusha, hamna umeme, hamna kitufe cha kuharibika, na maji yanayotumika kwa siku ni machache mno ukilinganisha na vinyunyizio. Na uzuri wake mkubwa ni mchezo wenyewe, maana kwenye vinyunyizio mtoto analoweshwa, lakini hapa lazima mmoja apampu, mwingine azibe, mwingine achimbe, wanagombana, wanapatana, wanajenga bwawa, linabomoka, wanaanza upya, masaa yanaenda. Watoto wa miaka 3 na wa miaka 11 wanacheza pamoja, kitu ambacho kwa kawaida ni kigumu. Chanzo cha maji tu kiwe cha maji salama ya kunywa, kwa sababu watakunywa, huwezi kuwazuia, na matope yawe na sehemu ya kupenya ardhini ili yasituame.

Hapohapo nitoe tahadhari, kwa sababu kuna watu wakisikia pampu na watoto wanapata wazo lingine, kwamba mchezo wa watoto uwapampie wakubwa maji ya matumizi. Hilo lilishajaribiwa. Kulikuwa na bembea ya kuzunguka iliyobuniwa Afrika Kusini, PlayPump, watoto wakiizungusha inavuta maji kutoka kisimani kwenda tanki la juu, mwaka 2006 ikaahidiwa mamilioni ya dola na ikasambazwa kwa kasi. Gazeti la The Guardian mwaka 2009 lilipiga hesabu kwamba ili malengo ya maji yatimie ingebidi watoto wacheze saa 27 kwa siku. Watoto walipochoka, ni akina mama ndo waliobaki kuizungusha, tena kwa shida kuliko pampu ya kawaida waliyong'olewa. Mchezo ukishakuwa na lengo la lita ni kazi. Kisima cha jamii kiwe kisima, na uwanja wa watoto uwe wa watoto.

Maji ya mvua je? Rotterdam, Uholanzi, walifungua uwanja mwaka 2013 unaitwa Benthemplein, siku za kawaida ni sehemu ya kucheza mpira na kukaa, mvua kubwa ikinyesha mabonde yake yanajaa na kushikilia mpaka lita milioni 1.7 ili mtaa usifurike. Ni wazo zuri mno na nalipenda, sehemu moja inafanya kazi mbili. Ila mvua iliyopita kwenye mapaa na barabara imebeba kinyesi cha ndege, mafuta, kila kitu, kwa hiyo kuyatazama ni sawa, kumwagilia ni sawa, kuoshea sakafu ya nje labda, lakini kumrushia mtoto usoni bila kuyatibu kikamilifu hapana.

Haya, tone letu limefika sakafuni. Sakafu ndo inayoumiza watoto wengi kwa siku za kawaida, sio vimelea, ni kuteleza. Ile chemchemi ya kumbukumbu ya Princess Diana pale Hyde Park, London, ilifunguliwa Julai 2004, kazi ya mawe ya hali ya juu, na ndani ya wiki chache ikabidi ifungwe baada ya watu kuteleza, ikarudi na mawe yaliyoongezewa ukwaruzi na masharti ya kutotembea ndani. Marumaru zinazong'aa zisiingie kabisa kwenye uwanja wa maji, hata kama mfadhili ameshazinunua. Konkriti iliyoburuzwa ufagio mgumu ikiwa bado mbichi inatosha vizuri na ni bei nafuu, ila isiwe na ukali wa kuchuna magoti, nenda ipige magoti mwenyewe ukiwa na kaptula uone. Mwinamo uwe wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, chini ya hapo maji yanatuama, yakituama kunaota ukoko wa kijani, na huo ukoko unatelezesha kuliko sabuni. Juu ya hapo mtoto wa kiti cha magurudumu anaanza kusukumwa na mteremko.

Maji yakituama pia yanaleta mbu. Yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10, kwa hiyo shimo lolote, sahani ya chini ya kinyunyizio, kisanduku cha vali, tairi la mapambo (jamani matairi ya mapambo!), kama linashika maji wiki nzima ni kitalu. Fundi akimaliza mwaga maji ya kutosha uwanja mzima, ondoka, rudi baada ya saa moja. Kila penye maji bado ni kazi haijaisha, hata kama kila kitu kingine kinapendeza.

Matundu ya sakafuni yanayopokea maji yafunikwe kwa vifuniko ambavyo kidole cha mtoto hakiingii na ambavyo having'oki bila spana. Na kusiwe na tundu lolote linalonyonya kwa pampu moja kwa moja mahali ambapo mwili wa mtoto unafika, maji yashuke kwa mteremko wake yenyewe mpaka tanki, ndo pampu ivute kutoka humo. Nguvu ya kunyonya ya pampu inaweza kumshika mtoto na hata mtu mzima akashindwa kumtoa. Marekani walipitisha sheria ya vifuniko vya matundu mwaka 2007 na wakaiita kwa jina la Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka 7 aliyeshikwa na tundu kama hilo.

Kivuli watu wanakisahau kabisa, wanaona maji yapo basi mtoto hatachomeka. Anachomeka. Mpira mweusi wa kutandika chini na mnyama wa bati vikikaa juani ngozi ya mtoto inaungua, na kwa sababu nyayo zake zimelainika na maji ndo kabisa. Vyuma vyote viwe kivulini au vipakwe rangi nyepesi. Miti ni bora kuliko turubai ila ipande upande ambao majani hayaangukii matunduni, la sivyo mhudumu atakuwa anaokota majani maisha yake yote na filta zitaziba. Na wanaokaa kuwaangalia watoto nao wanahitaji kivuli, mzazi anayechomwa na jua anaenda kukaa mbali na hapo ameshaacha kuangalia. Weka viti karibu, kuzunguka uwanja, kusiwe na ukuta, kibanda wala kichaka kinachoficha kona. Mtu akikaa popote aone kote. Lango moja au mawili tu, na yasielekee barabarani wala maegesho ya magari, mtoto aliyelowa anakimbia haangalii.

Watoto wadogo kabisa wapewe upande wao wenye maji ya chini na ya polepole, kwa sababu wakubwa wanakimbia kwa nguvu na wanagongana nao. Lakini msitenge kwa uzio, tenganisha tu kwa mpangilio, mama mwenye watoto wawili wa umri tofauti aweze kuwaona wote kwa mara moja. Mtoto asiyetembea au asiyeona naye aingie bila kubebwa, kwa hiyo kusiwe na kingo ya kuvuka, kitufe kiwe urefu wa mkono wa aliyekaa, na kuwe na kona moja tulivu isiyo na ndoo za kushtukiza kwa wale wanaoogopa kelele. Mabinti wakubwa wengi hawatakuja kama hamna sehemu ya kubadilishia nguo yenye mlango unaofungwa, na mkiwaona hawaji msiseme hawapendi michezo.

Choo kiwe karibu. Karibu kweli, mtoto wa miaka 4 hana dakika tano. Choo kikiwa mbali anajisaidia palepale na tunarudi kwenye habari ya vimelea. Weka bomba la kuogea mlangoni ili waingie wamejisuuza, na meza ya kubadilishia nepi iwe mbali na maji, sio kwenye kiti cha pembeni ya vinyunyizio. Na bandiko liwe kubwa, la picha na lugha wanayosoma watu wa pale: mtoto anayeharisha asiingie, na kama aligundulika na Cryptosporidium asubiri wiki mbili baada ya kuharisha kuisha, kwa sababu anaendelea kukitoa hata akiwa amepona.

Chumba cha pampu nitakipitia haraka ila kwa msisitizo. Kifungwe kwa kufuli, kiwe nje ya uwanja, umeme wake uwe na breka inayokata ukivuja, ile ya miliampea 30. Klorini na asidi zikae vyumba tofauti au makabati tofauti kabisa, zikikutana zinatoa gesi ya klorini, inaua. Na kifaa cha kudondosha dawa kiunganishwe na pampu ili pampu ikizima nacho kizime, kwa sababu kikiendelea kudondosha kwenye bomba lisilotembea, pampu ikiwaka dawa yote inatoka kwa mkupuo mmoja kwenye nyuso za watoto.

Sasa mtu. Bajeti nyingi nilizoona zina mstari wa ufunguzi, mstari wa mabango, na hazina mstari wa mhudumu. Ukiniuliza mimi, anayepaswa kukaa kwenye kikao cha kwanza cha michoro ni huyu, kabla hata ya mchoraji, kwa sababu yeye ndo anajua kama ataweza kulifikia hilo tanki kulisafisha, kama ule mfuniko unainuliwa na mtu mmoja au wanne, kama spea ya ile vali inapatikana au inaagizwa mbali ikachukua miezi. Kinyunyizio cha bomba la kawaida ambacho fundi yeyote wa mtaa anakirekebisha kina thamani kuliko ua la kisasa ambalo likipasuka ndo basi. Alipwe, afunzwe, awe na vifaa vya kupimia na daftari ambalo mtu yeyote anaruhusiwa kulifungua na kulisoma, na awe na mbadala wake, kwa sababu naye anaumwa na anasafiri.

Na wakati wa ukame? Hili liamuliwe mapema, liandikwe, wananchi walijue: maji yakishuka kiwango fulani uwanja unafungwa, au unafunguliwa siku mbili kwa wiki. Kwa hiyo hata sakafu ipangwe kwa kuwaza siku kavu, iwe sehemu ambayo bila maji watoto bado wanaweza kuruka, kuchora chini, kuendesha baiskeli ndogo. Bwawa la kina kifupi la Bordeaux, Ufaransa, linaloitwa Miroir d'eau, lililofunguliwa 2006, ni mawe bapa ya eneo la mita za mraba 3,450 yenye maji ya sentimita 2 tu, na maji yakiondoka kinachobaki ni uwanja wa wazi tu, watu wanatembea juu yake. Sehemu ya namna hiyo haibaki gofu vinyunyizio vikizimwa.

Kabla ya kufungua, mimi ningeendesha uwanja wiki mbili bila watoto, kila siku kama vile wapo: pima, andika, safisha, zima, washa, kata umeme makusudi uone kinachotokea. Afu waingie watoto wachache na wazazi wao, na wapangaji wote wakae pembeni bila kusema neno waangalie watoto wanafanya nini na hayo maji, maana watafanya vitu ambavyo hakuna mchoro uliowahi kuvifikiria, watalala juu ya matundu, watayaziba kwa nguo, watabeba mchanga kwa viatu na kuujaza kwenye filta. Rekebisha hivyo. Na siku ya kwanza ya kufungua kwa wote, ukutani pale kwenye lango, pabandikwe cheo cha mtu mmoja mwenye ruhusa ya kufunga maji muda huohuo kipimo kikiwa kibaya, bila kupiga simu kwa mwenyekiti, bila kusubiri kikao, hata kama mgeni rasmi ameshakaa kwenye kiti.